Sakafu Nyekundu ya Mama

Mji wetu tuliuchimba wenyewe. Nasema hivyo mapema kwa sababu wageni wanaopita Kindu wakiuliza habari za miji ya bati ya Maniema huwa wamekuja na jibu lao mfukoni: vita. Vita vilikuja, kweli, vikala kuku wetu na kulala katika vitanda vyetu. Lakini kung'oa sakafu za vyumba vya kulala, na kuuchimbua uwanja wa mpira mpaka golikipa akakosa pa kusimama, hayo tuliyafanya sisi, kwa sululu zetu, tena tukiimba. Mimi sikushika sululu. Nilikuwa na sababu nzuri, maana mama yangu angenivunja mkono.

Mji wenyewe uko ng'ambo ya mto, mbele ya Kailo, na jina lake silitaji kwa kuwa waliobaki kule wana hasira za karibu. Zamani palikuwa na msitu na vijito tu. Kampuni ikaja, ikakuta bati ndani ya vijito, ikaleta wanaume kutoka Pangi na Kabambare na kwingine, ikawajengea nyumba za matofali zilizopangwa mstari, milango yote ikitazama upande mmoja ili msimamizi asisumbuke kugeuza shingo. Tulikuwa na hospitali, shule, na sinema iliyoonyeshwa kwenye ukuta wa ghala. Tulikuwa pia na bwawa la kuogelea ambalo sisi watoto wa wafanyakazi tuliruhusiwa kulitazama. Bati lilipakiwa kwenye malori, likavushwa mto hadi Kindu, likapanda treni kwenda kusini, na huko likawa mali ya watu wengine. Sisi tulibakiwa na mshahara, samaki wa chumvi na king'ora cha kutuamsha.

Tulibakiwa pia na mchanga mweusi. Bati likishaoshwa, chini ya mifereji kulikuwa kunabaki mchanga mzito, mweusi, ambao Kampuni ilisema ni takataka. Lakini Kampuni haikupenda kitu chochote kipotee bure, hata takataka, basi ikaamuru ule mchanga umwagwe barabarani kuziba mashimo, utandazwe uwanjani, na ujazwe chini ya sakafu za nyumba zetu kabla ya sementi kumiminwa. Kila mwashi alipewa mchanga mweusi na akaambiwa asitumie mwingine. Baba yangu alikuwa mwashi.

Sasa nieleze habari ya mashindano, maana bila hayo hamtamwelewa Mama. Kampuni ilikuwa na nyumba iliyoitwa fwaye, ambamo wake wa wafanyakazi walifundishwa na wake wa wakubwa namna ya kuwa wanawake. Walifundishwa kufuma sweta za sufu, katika joto lile la msituni. Walifundishwa kuoka keki kwa majiko ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Na kila mwaka, mke wa mkubwa wao wote, direkta, alizunguka na kofia yake akikagua nyumba moja moja, mwishowe akatangaza ni nani mwenye nyumba safi kuliko zote. Hiyo iliitwa konkuru. Mshindi wa kwanza alipewa blanketi, au sufuria, au kitu cha maana. Wa pili alipewa sabuni.

Mama alikuwa wa kwanza kila mwaka. Silaha yake ilikuwa sakafu. Baba alikuwa ametia rangi nyekundu ndani ya sementi yake, na Mama akaitia nta ya mishumaa iliyoyeyushwa kwa mafuta ya taa, kisha akatupandisha sisi wanawe juu ya vipande vya blanketi kuukuu tuteleze huku na huko mpaka sakafu ing'ae. Sisi tulidhani ni mchezo. Ilinichukua miaka mingi kugundua kwamba nilikuwa mfanyakazi asiye na mshahara. Hakuna aliyeingia na viatu katika nyumba ile. Padri alivua. Msimamizi wa mgodi alivua, akaonekana vidole vyake, na heshima yake mtaani haikurudi tena.

Ajabu ni kwamba sakafu za wengine zilipasuka. Masika mawili tu, na nyufa zikatambaa kutoka mlangoni hadi kitandani. Ya Mama haikupasuka hata uzi. Yeye hakuona ajabu yoyote.

“Zao zinapasuka juu ya maneno yao mingi,” alisema, kana kwamba sababu ya ufa ni mdomo.

Aliyekuwa wa pili kila mwaka ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Huyu mama alisugua mpaka magoti yake yakawa na sugu, na kila mwaka nyufa zake zikamwangusha, akarudi nyumbani na sabuni. Sisi tulimwita mama mdogo kwa adabu. Mama hakumwita jina lolote. Hakumsalimia hata asubuhi, na mashindano hayakuwa sababu. Sababu ilikuwa Baba.

Wakati nyumba yetu inajengwa, Baba alikuwa akirudi kila magharibi amelowa maji mpaka mapajani. Mama, bibi arusi wa juzi, akamuuliza alikotoka. Baba akasema, “Kazini.” Mama akatazama kazi yenyewe, akaona matofali makavu na sementi kavu. Akatazama upande wa kijito, na ng'ambo ya kijito akaona nyumba ya kaka yake yule jirani, ambako jirani alikuwa amefikia akingoja nyumba yake imalizike. Mama hakuhitaji kuambiwa zaidi. Suruali ile ya maji ikawa ndiyo kesi yao ya ndoa. Wakigombana kwa sababu ya chumvi, suruali ilitajwa. Wakigombana kwa sababu ya shemeji, suruali ilitajwa. Baba alikuwa mtu wa maneno machache; alicheka kidogo puani, akatoka kukaa barazani. Alikufa kitandani mwake kwa homa ya kawaida, Kampuni ikiwa inakaribia kufa nayo, na hata msibani Mama hakulia, kwa kuwa alikuwa na shughuli ya kupima jirani analia kwa sauti gani. Jirani alilia kwa kiasi. Mama akaninong'oneza kwamba huko ni kujificha.

Kampuni ilikufa taratibu. Bei ya bati iliporomoka huko inakoporomokaga, vipuri vikakoma kuja, mashine moja ikaliwa ili nyingine iishi. Wazungu walitangulia kuondoka, akafuata direkta aliyeletwa kutoka Kinshasa, na siku moja king'ora nacho kikanyamaza na watu wakachelewa kuamka kwa mara ya kwanza maishani mwao. Hakuna aliyetutoa katika nyumba. Tulibaki tu, watu wa mgodi wasio na mgodi, tukilima mihogo kandokando ya bwawa la kuogelea ambamo sasa hata vyura waliruhusiwa. Mimi niliolewa Kindu, nikafungua meza ya sabuni karibu na stesheni. Kila nilipokwenda kumsalimu Mama, jirani alinikumbusha juu ya ukuta kwamba binti wa namba moja anauza zawadi ya namba mbili.

Kisha vita vikaja, treni ikasimama, na pamoja na vita wakaja wanunuzi wakiuliza koltani. Hatukujua koltani ni nini, wala kwamba inaingia ndani ya simu. Mtu mmoja akachota mchanga wa barabarani mbele ya nyumba yake, labda kwa utani, akampelekea mnunuzi. Yule mnunuzi akauweka kiganjani, akautazama, akauliza umebaki kiasi gani. Kumbe ile takataka yetu nyeusi ndiyo dunia nzima ilikuwa inaililia.

Basi tukaanza kuula mji. Barabara ilikwenda kwanza. Ukafuata uwanja wa mpira, kisha klabu ya wakubwa, kisha nyumba. Mwanamume alihamisha kitanda, akafungua shimo chumbani, akashuka nalo mpaka kichwa kikapotea, na mkewe akapika chakula cha jioni akimpokelea udongo ndoo kwa ndoo. Watu walilala juu ya mbao zilizolazwa juu ya mashimo. Katekista alichimba nyuma ya altare akisema anawafuata panya. Mwadhini akachimba kando ya mahali pa kutawadhia akisema anatengeneza mfereji. Hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa kuwa kila mtu alikuwa na udongo kwenye kucha. Nyumba zilianza kuinama, na nyingine zikalala kabisa.

Nyumba ya jirani ililala. Mumewe alichimba mpaka chini ya ukuta, na ukuta ukashuka wote mchana wakiwa shambani. Akachimba na kilichobaki, akauza, akaenda zake Punia na mwanamke mwingine aliyekuwa na meno mazuri zaidi. Jirani akabaki na kanga zake na mlango uliosimama peke yake bila nyumba. Mama akamtazama kwa siku kadhaa, kisha akamwambia kwamba anaweza kulala jikoni. Jiko letu lilikuwa kibanda cha uani. Ndani ya nyumba, juu ya sakafu, hapana.

Katika mji mzima, sakafu ya Mama ndiyo iliyobaki nzima. Watu walikuja kumbembeleza, wakaja kumtisha, wakaja na maneno ya Mungu. Aliwafukuza wote kwa ufagio. Si kwamba alikuwa na msimamo juu ya madini. Angeweza kuchimba uwanja wa jirani yeyote bila kusita. Ila ile ilikuwa sakafu ya kwanza, na ya kwanza haiwezi kuwa shimo.

Habari hizo zilinifikia Kindu, nikaacha meza yangu, nikavuka mto hadi Alunguli, nikafuata njia ya Kailo kwa miguu nyuma ya watu wa baiskeli za mizigo. Nilikuwa na neno moja tu kichwani: nimtoe. Wenye silaha walikuwa wameanza kupita nyumba kwa nyumba, na mwanamke mzee aliyekaa juu ya sakafu isiyochimbwa alikuwa kama mtu aliyejifunga sahani ya nyama kiunoni na kukaa katikati ya mbwa. Nilimkuta anapiga nta.

“Mama, twende Kindu.”

“Nikitoka leo, kesho wanachimba.”

“Waache wachimbe! Utakufa juu ya sakafu?”

“Miye sijasema nitakufa. Nimesema sitoki. Na weye, toa viatu.”

Nilikuwa nimetembea mwendo wote ule, miguu imevimba, na mama yangu alinitazama miguuni kwanza. Nilikasirika mpaka nikalia. Jirani, aliyekuwa anasikiliza kutoka jikoni, akapiga kelele kwamba nisihangaike, huyu alikwisha kuolewa na sementi.

Walikuja siku iliyofuata, mchana kweupe. Walikuwa wachache, wamechoka, wana bunduki na sululu, na mkubwa wao waliyemwita komanda alikuwa kijana ambaye ndevu zake zilikuwa bado zinashauriana. Alikanyaga baraza. Akainua mguu kuingia.

“Viatu,” Mama akasema.

“Nini?”

“Toa viatu. Hapa muntu haingii na viatu.”

Sijui ni mama gani aliyemlea kijana yule, lakini alimlea vizuri, kwa maana alishainama na kushika kamba za kiatu kabla hajakumbuka kwamba ana bunduki. Alipokumbuka ilikuwa aibu kurudi nyuma. Wenzake wakamtazama, wakavua nao. Mmoja alikuwa na soksi zilizobaki shingo tu. Wakaingia miguu mitupu juu ya sakafu ya mama yangu, na mimi, katikati ya hofu yangu, niliona Mama akiwakagua nyayo.

“Mama,” komanda akasema kwa Kiswahili chetu cha kusema ‘njo’ mahali pa ‘ndiyo’, “nyumba yote ya Kampuni iko na koltani chini. Yako tu njo haijachimbwa. Tunachimba.”

“Haijachimbwa juu sitaki.”

“Tunachimba.”

Mama akafumba macho. Sululu ya kwanza iliruka, ikaacha alama nyeupe. Ya pili ikapasua. Nilimshika mkono. Walichimba pale katikati ya sebule, mahali tulipokuwa tukiteleza na vipande vya blanketi, wakaondoa sementi nyekundu bonge kwa bonge mpaka wakalifikia lile tabaka la chini. Yule mwenye soksi akachota kiganja, akakinyanyua.

Ulikuwa mchanga mweupe. Mweupe, laini, umechekechwa, hauna hata jiwe.

“Njo nini hii?” komanda akauliza.

“Muchanga,” Mama akasema. Yeye mwenyewe alikuwa anashangaa.

“Nyeusi iko wapi?”

“Sijue.”

Wakachimba pembeni, karibu na dirisha. Mweupe. Wakachimba mlangoni. Mweupe. Komanda akafuta jasho, na uso wake ukabadilika, ule utoto ukatoka.

“Ulitoa nyeusi, ukauza, ukafunika na hii. Pesa iko wapi? Ama uliificha? Sema.” Akamgeukia mwenzake. “Mupeleke inje.”

Niliogopa. Sina namna nzuri ya kulisema hilo. Nilikuwa nimewajua watu waliopelekwa nje kwa sauti ya namna ile, sauti ya chini, isiyo na haraka. Mwenye soksi akamshika Mama bega.

Ndipo jirani alipoingia kutoka jikoni. Alivua kandambili mlangoni, nakumbuka, hata katika saa ile. Akapita katikati yao bila kumwangalia mtu, akanyoosha mkono ukutani, akateremsha beseni.

Beseni lile, jeupe lenye ukingo wa buluu, ndilo lililokuwa zawadi ya konkuru ya mwisho kabla Kampuni haijafa. Lilining'inia kwenye msumari wake na halikuwahi kutiwa maji. Mama, aliyekuwa ameshikwa na mtu wa bunduki, akapiga kelele:

“Beseni yangu!”

“Nyamaza,” jirani akamwambia. Na kwa komanda: “Mutoto yangu, ngojeni. Nipige karai mbele yenu. Kama nyeusi ilikuwa humu, hata kidogo itakuwa imebaki. Nyeusi haitokake yote.”

Akajaza mchanga kwenye beseni, akachota maji kwenye pipa la uani, akaanza kuzungusha. Sote tulijua kazi ile. Katika mji wetu hata watoto walijua. Unazungusha, unamwaga, unazungusha, na kilicho kizito kinabaki chini. Wale askari wakakusanyika miguu mitupu kuzunguka beseni. Jirani alizungusha mpaka kikabaki kijiko kimoja, kisha nusu kijiko. Mweupe. Akachota pale mlangoni, akazungusha tena. Hakukuwa na punje nyeusi hata moja.

Akachukua kile kilichobaki, akakisugua kati ya vidole. Akakitazama. Akamtazama Mama. Nikaona uso wake unajaa kitu ambacho hakikuhusiana kabisa na bunduki zilizokuwamo chumbani.

“Mwizi!” akapaza sauti. “Mwizi weye! Hii njo muchanga ya mutoni!”

“Nini?”

“Ya mutoni! Wote tulipewa muchanga ya Kampuni. Wote! Yangu ikapasuka kila mwaka, nikasugua mpaka magoti ikaisha, wakanipa sabuni. Sabuni! Kumbe ya kwako iko na muchanga ya mutoni chini! Ulikula ile konkuru bure!”

“Miye sikuweka muchanga. Bwana yangu njo aliweka.”

“Najua njo aliweka! Nilimuona! Kila magharibi, kule kwa kaka yangu, ndani ya maji mpaka mapajani, karai kichwani. Nilifikiri anajenga choo!”

Mama akajikwamua kutoka mkononi mwa yule askari kana kwamba anaondoa mtandio uliomnasa. Akasogea hatua moja.

“Ulimuona?”

“Kila siku!”

“Na hukusema!”

“Niseme kwa nani? Weye hukunisalimia tangu siku ile ya kwanza!”

“Sikukusalimia juu nilijua alikuwa anakuja kwako!”

Jirani alibaki mdomo wazi, beseni mkononi, maji yakidondoka juu ya nta.

“Kwangu?” akasema. “Ule? Ule wa miguu sawa ya korongo?”

“Usitukane miguu ya bwana yangu!”

“Mama,” komanda akajaribu.

“Nyamaza, mutoto! Wakubwa wanasema!” wakamjibu wote wawili kwa pamoja.

Yule mwenye soksi akacheka. Alijaribu kukibana kicheko, kikatokea puani, na mwenzake akaambukizwa. Komanda akatazama yale mashimo yake, akatazama wanawake wawili wazee wanaogombea sabuni ya miaka iliyokwisha kupita, na nadhani aliona kilichokuwa wazi kwa yeyote: hakuna binadamu anayeweza kuigiza ghadhabu ya namna ile. Mwenye koltani iliyofichwa hagombanii namba mbili.

“Twende,” akasema. “Hapa hakuna kitu.”

Wakatoka wakatafuta viatu vyao barazani, wakikanyagana. Walichukua kuku, na walichukua sabuni niliyokuwa nimemletea Mama. Mmoja alisema samahani, sijui kwa lipi.

Walipokwisha kupotea Mama akaketi ukingoni mwa shimo la katikati, akateremsha miguu yake ndani ya ule mchanga. Akauchota, akauacha uteremke vidoleni. Mimi nilidhani atalilia sakafu.

“Alikuwa analowana juu ya hii,” akasema.

Sikuwahi kumwona mama yangu akilia kabla ya siku hiyo. Alilia kwanza kwa hasira, akamtukana Baba kwa majina yote, mjinga, bubu, kichwa cha tofali, kwa nini hakusema, angepoteza nini kwa kusema? Nadhani mimi najua. Baba alijua ule mweusi utapasua sakafu, lakini Kampuni ilikataza mchanga mwingine, na Mama hakuwahi kuficha jambo lolote la kujisifia. Angelitangaza kwenye fwaye kabla ya sementi kukauka, na Baba angepoteza kazi. Basi akanyamaza, akaibeba ile kesi ya suruali mpaka kaburini, akicheka kidogo puani. Kisha hasira ikamwishia Mama, akalia namna nyingine, na hiyo sikuweza kuitazama.

Jirani akaketi upande wa pili wa shimo. Hakumpa pole. Alikaa tu, naye akatia miguu yake mchangani.

Mwishowe Mama akasimama, akalichukua beseni, akalisuuza, akalikausha kwa kanga yake mwenyewe, akamnyooshea.

“Ya kwako.”

“Ya mwaka gani?” jirani akauliza.

“Ya yote.”

Habari ilienea kabla ya jua kuzama kwamba nyumba ile haina kitu, imejaa mchanga wa bure. Mama alirudisha mchanga mashimoni, akausawazisha kwa ubao, akafagia. Asubuhi akaniambia twende. Hakufunga mlango, kwa sababu hakukuwa na cha kuibiwa. Tulitoka watatu, jirani mbele na beseni kichwani, na mpaka tunafika kivukoni walikuwa wamebishana njia nzima juu ya konkuru moja baada ya nyingine, nani alistahili na nani alipendelewa kwa ajili ya kofia aliyomsifia mke wa direkta.

Tangu wakati huo walikaa kwangu Kindu. Nyumba yangu ina vigae, ambavyo wote wawili walividharau kwa moyo mmoja. Lilikuwa ndilo jambo la kwanza walilokubaliana, na tangu hapo jirani akamwita Mama yaya, yaani dada mkubwa.

Nimerudi kule mara moja, siku hizi za amani yetu hii ya viraka. Uwanja wa mpira ni dimbwi, na watu wanafuga samaki golini. Barabara haipo. Mtaa wetu wote umelala na kuota magugu, isipokuwa nyumba moja yenye sakafu nyekundu na viraka vya sementi ya kijivu. Anakaa mwanamke nisiyemjua, aliyetoka vijijini na wanawe. Niliinua mguu kuingia kumsalimu, akaniambia nivue viatu. Nilivua. Nilipomhadithia Mama alicheka siku nzima, kisha akauliza kama anapiga nta au maji tu.

Alikufa masika yaliyopita. Wakati wanaume wanachimba kaburi, jirani alikuja kunishika mkono, akasema twende mtoni. Pale bandarini mitumbwi inapakua mchanga wa Lualaba kwa wajenzi, marundo makubwa yametandazwa kando ya maji. Yule bibi alipita rundo hadi rundo na beseni lake, akachota, akaonja kwa vidole, akatupa. Wauzaji walianza kumcheka, halafu wakaacha. Alipopata alioutaka aliketi chini na kuuchambua, akiondoa kila punje nyeusi aliyoiona. Macho yake hayaoni vizuri tena, hivyo alinifanya nami nichambue.

“Mama mudogo, watu wanatungoja,” nikamwambia.

“Wangoje.”

“Hapa Kindu hawafukui makaburi kutafuta nyeusi.”

“Leo,” akasema. “Kesho unajua?”

Tulifika kaburini tumechelewa, katekista akiwa ameanza kukohoa. Jirani alipita katikati ya watu mpaka ukingoni. Akavua kandambili zake, akaziweka pembeni pamoja, kama mlangoni. Kisha akapiga magoti, akaumwaga ule mchanga mweupe chini kabisa, mahali jeneza litakapolala, akausawazisha kwa mpini wa jembe mpaka ulipofika.

“Lala, yaya,” akasema. “Hapa hakuna kitu.”